Kitufe cha Kushoto

Ripoti ilikuwa na hatua saba, na Inspekta alikuwa ameisoma mara nne tangu asubuhi akitafuta mahali pa kuingiza ukucha. Hakupaona, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Katika miaka kumi na tisa ya kuchukua maelezo ya watu, hajawahi kukutana na ukweli usiokuwa na uzi hata mmoja uliochomoza. Anayesema kweli husahau, hurudi nyuma, hugombana na maneno yake mwenyewe.

Aliisoma mara ya tano. Kisu cha mashine ya kukatia karatasi hakishuki mpaka vitufe viwili vibonyezwe kwa pamoja. Vitufe hivyo vimeachana sentimita hamsini na tano, kwa hiyo mkono mmoja hauwezi kuvifikia vyote viwili. Mkono wa kushoto wa marehemu ulikuwa chini ya kisu. Kwa hiyo marehemu hakuweza kubonyeza mwenyewe. Chumbani kulikuwa na mtu mwingine mmoja tu, shemeji yake. Siku moja kabla, karani wa ofisi aliwaona wawili hao kupitia kioo wakigombana. Kwa hiyo shemeji mtu ndiye aliyeshusha kisu, na alikusudia.

Marehemu, mkata karatasi wa kiwanda cha uchapaji, alikatwa mkono Jumatatu, akaishiwa damu kabla gari halijafika hospitali. Jumatano alizikwa. Leo ilikuwa Alhamisi, na kesho asubuhi shemeji yake angesimamishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Kiwandani wote walimwita Shemeji, hata wasiomhusu ndewe wala sikio, na jina hilo sasa lilikuwa limeandikwa kwenye jalada la polisi.

Ripoti haikuandikwa na mtu. Kituo kilikuwa kimeletewa programu mpya ya kompyuta. Unailisha maelezo, picha na kijitabu cha mashine, nayo inakutolea hoja zimepangwa mstari kwa mstari. Mkuu wa kituo aliipenda kuliko maaskari wake wote kwa jumla. Alisema haichoki, haiombi ruhusa, haina mjomba mgonjwa. Inspekta alipoomba muda zaidi, mkuu alimpa mpaka saa kumi jioni, kisha akamuuliza kwa upole wa kuudhi ni hatua ipi kati ya zile saba anayoipinga. Inspekta alichukua jalada lake.

Alipotoka alimkuta mjane wa marehemu kwenye benchi la korido. Jana baada ya mazishi, na leo tena, alikuwa amekuja na mfuko wa nguo safi za mdogo wake, huyo Shemeji, akampa askari wa zamu, kisha akakaa pale pale bila kuomba kumwona. Mkuu alikwisha kumsomea ripoti, tena kwa sauti. Inspekta alikaa kando yake akamuuliza kama anaamini kilichosomwa.

"Nimeishi na wote wawili nyumba moja miaka sita," mjane alisema. "Moyo unaniambia hapana. Lakini ile karatasi, Afande, kila nikibishana nayo inanishinda. Mimi nina moyo tu. Yenyewe ina sababu."

Inspekta aliondoka pale na hasira, na hakujua anamkasirikia nani.

Chumba cha kompyuta kilisimamiwa na mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Alianza kazi enzi za taipureta, jina la Taipu likamganda, na hata sasa aligonga vitufe kana kwamba karatasi iko upande wa pili. Inspekta alimwambia afungue jalada lile lile, abadilishe kitu kimoja. Amtoe Shemeji chumbani, aseme siku hiyo alikuwa mgonjwa nyumbani, na mahali pake amweke msimamizi wa chumba cha kukatia.

Taipu alivua miwani. "Huo si uongo, Afande?"

"Ni mtego. Utakuwa uongo nikiutia sahihi."

Programu ilichukua muda mfupi kuliko wa mtu kupiga chafya. Ikatoka na hatua saba. Vitufe viwili, mkono mmoja, mtu mmoja chumbani, na msimamizi akawa muuaji. Hatua ya sita ilimpa Inspekta kicheko cha uchungu. Jaladani hapakuwa na ugomvi wowote kati ya msimamizi na marehemu, kwa hiyo programu ilikuwa imeandika kwamba msimamizi alikuwa na mamlaka juu ya marehemu, na kwamba mamlaka kazini mara nyingi huzaa kinyongo. Sauti ilikuwa ile ile, ya mtu aliyekaa na jambo usiku kucha akalipima.

"Hii kitu inafikiri?" aliuliza.

Taipu alijikuna kisogo. Alieleza kwamba imelishwa maandishi ya watu, mengi kuliko ambayo kijiji kizima kingeyasoma kwa miaka mia, na kazi yake ni kutafuta neno lipi hufuata baada ya lipi. Katika maandishi hayo zimo hoja za mawakili, za madaktari, za walimu wa hesabu. Basi ukiiuliza, inakuandikia kama anavyoandika mtu anayefikiri. Kama ndani yake kuna kufikiri kweli au kuna mwigo tu, hata walioijenga wanabishana.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," alimalizia. "Sasa hii haina hata kichwa. Lakini usiidharau. Hesabu zake nimezikagua, na hapo kwenye vitufe sikuona kosa."

Inspekta hakuliona pia. Kama vitufe viwili vilihitaji mikono miwili, basi mtu wa pili alikuwepo, na maneno matamu hayakuhusika. Alichukua glavu na futi ya kupimia akaenda kiwandani.

Msimamizi wa chumba cha kukatia aliitwa Milimita. Alikuwa mwembamba, kola imepigwa pasi, penseli sikioni, na aliongea kwa kupima. Inspekta aliuondoa utepe wa polisi mlangoni, wakaingia. Chumba kilinuka gundi na wino. Sakafu ilikuwa imesuguliwa mpaka ikapauka mahali pamoja, na wote wawili walipazunguka. Ukutani, kando ya mlango, ilining'inia picha ya marehemu akipokea cheti cha usalama kazini. Milimita alieleza kwamba marehemu ndiye aliyefundisha kila mgeni aliyewahi kuigusa mashine ile.

Umeme ulikuwa umekatwa. Inspekta alipima umbali wa vitufe, akapata sentimita hamsini na tano, wala si pungufu. Ripoti haikudanganya. Akainama kuvitazama kwa karibu.

Kitufe cha kulia kilikuwa kimechakaa. Rangi ya kijani ilikuwa imelika hadi chuma, na katikati palikuwa na kishimo kidogo cha dole gumba. Cha kushoto kilikuwa kijani kibichi. Kwenye pete yake palikuwa na vumbi la karatasi lililogandamana, isipokuwa ukingo wa juu, ambapo palikuwa na mchubuko mwembamba unaong'aa.

"Hivi vitufe vilibadilishwa lini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Havijabadilishwa. Mashine ina miaka kumi na moja hapa."

"Vyote viwili?"

"Vyote."

"Na kila kisu kikishuka, vyote viwili vinabonyezwa."

"Ndiyo utaratibu."

Inspekta hakumbishia. Alimwomba amwonyeshe tu kazi inavyofanyika, umeme ukiwa umezimwa, maana yeye na mashine ni mbalimbali. Milimita aliweka bunda la karatasi mezani, akalinganisha, akarudi hatua, akaweka kidole kwenye kila kitufe. Alisimama wima mno, kama anayepigwa picha ya pasipoti. Inspekta alimshukuru. Kisha akamwambia afanye tena, na safari hii aendelee kumweleza kwa nini karatasi nyingine hukatika ovyo na nyingine hukatika safi.

Hilo lilikuwa somo la moyo wake. Milimita alianza na unyevunyevu, akaingia kwenye mwelekeo wa nyuzi, akafika kwenye makali ya kisu, na huku akisema aliweka bunda, akalisukuma, mkono wa kulia ukaenda kwenye kitufe. Mkono wa kushoto haukwenda kokote. Ulibaki juu ya karatasi, vidole vimetanda, ukilishikilia bunda lisiteleze.

"Mkono wa kushoto unafanya nini hapo?" Inspekta aliuliza.

Milimita aliutazama mkono wake kana kwamba umeletwa na mtu mwingine. Aliuondoa polepole. Alikaa juu ya marobota ya karatasi, akaitoa penseli sikioni.

Lililofuata lilitoka vipande vipande, na Inspekta aliandika yote. Ukitii vitufe viwili, bunda linateleza na kazi inapinda. Kwa hiyo tangu mwaka wa pili wa mashine, wakataji walikibana kitufe cha kushoto kwa kabari ndogo ya mti kikae chini siku nzima. Hapo mkono mmoja unashika karatasi na mwingine unashusha kisu. Kila mtu chumbani alijua. Hakuna aliyewahi kuliandika, kwenye kijitabu wala kwenye cheti. Marehemu alimfundisha mgeni vitufe viwili asubuhi, na mchana akamwonyesha kabari.

Jumatatu ile Milimita alisikia kelele akakimbia. Alimfunga marehemu mkono kwa kitambaa, wenzake wakambeba. Alipobaki peke yake aliing'oa kabari akaificha.

"Tulifunika kombe mwanaharamu apite," alisema. "Mtu ana picha ukutani, Afande. Mwalimu wa usalama. Tungesemaje mbele ya mkewe kwamba amejikata mwenyewe? Tulidhani tunamsitiri."

"Na ripoti ilipotoka? Ulijua si kweli. Kabari uliing'oa kwa mkono wako."

"Nitakuambia jambo la aibu. Niliisoma, nikaisoma tena. Ilivyopangwa, kwanza hili, kwa hiyo lile, nikaanza kujiuliza, pengine kweli. Pengine siku ile kabari haikuwepo na mimi nimechanganyikiwa na damu. Kabari iko kwenye kopo langu la visu, na mimi nikaiamini karatasi."

Ile programu angalau ilikuwa na udhuru, haijawahi kuona kabari.

Kopo lilikuwa rafuni. Kabari yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kidole, ya mti mgumu, imepigwa msasa, na upande mmoja ilichongwa mfuo wa kuingiza ukucha wakati wa kuichomoa. Haikuwa na grisi wala doa la jasho. Kitu cha kutumika siku nzima, kila siku, hakikai safi hivyo. Aliuliza ni nani aliyeichonga. Milimita alisema hajui, na macho yake yakaenda kwenye meza ya kupangia, iliyokuwa ya Shemeji.

Juu ya meza ile palikuwa na vijiti vitatu vya kukunjia karatasi. Vilipigwa msasa vizuri, na kila kimoja kilikuwa na mfuo wa ukucha.

Hapo shaka yote aliyokuwa ameitua ilimrudia kwa mlango wa nyuma. Shemeji hakubonyeza kitufe. Lakini Jumapili waligombana, na Jumatatu kuna kabari mpya, imechongwa kwa mkono wake, imeingia kwenye mashine, na mtu amekufa. Kama ni mtego, ulikuwa wa mtu mwenye subira. Aliona kwamba akiipa programu habari hiyo, itamwandalia hatua nyingine tisa.

Aliipa. Saa nane na nusu alimwambia Taipu aongeze kabari, vitufe na maelezo ya Milimita. Programu ilianza kwa kukiri kwamba uchunguzi huo ni sahihi kabisa, ikamtakasa Shemeji kutoka utosini hadi unyayoni, ikaiita ajali ya kusikitisha. Inspekta angepaswa kufurahi. Badala yake alikumbuka kwamba asubuhi ilikuwa imewatia hatiani watu wawili kwa sauti hiyo hiyo.

"Nichape?" Taipu aliuliza.

"Usichape. Nakwenda kumsikia mwenye mikono."

Shemeji aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa na mwili wa mtu anayebeba marobota na sauti ya mtu aliye kanisani. Kabla Inspekta hajafungua daftari, alisema amechoka kusumbua watu, anataka kukiri.

"Nilishusha kisu," alisema. "Vitufe vinataka mikono miwili, mkono wake mmoja ulikuwa chini, kwa hiyo ni mimi."

"Niambie tena."

Alirudia, neno kwa neno. Inspekta aliyatambua maneno. Yalikuwa ya hatua ya pili, ya tatu na ya nne, hata ile "kwa hiyo" ilikuwa mahali pake.

"Ulisimama wapi?"

"Nyuma yake."

"Alikuwa mpana kuliko wewe. Mikono yako ilipita wapi mpaka ikavifikia vitufe?"

Mtu aliyefanya jambo kwa mikono yake hahitaji kutafuta ilipita wapi. Shemeji alikuwa akitafuta, macho juu, kama mwanafunzi aliyekariri jibu akaulizwa njia.

Inspekta aliitoa kabari kwenye bahasha akaiweka mezani. Shemeji hakushtuka. Alinyoosha mkono akaifunika kwa kiganja, taratibu, na mabega yake yakashuka.

"Uliichonga kwa nini?" Inspekta aliuliza. "Na usinipe sababu. Nipe ilivyokuwa."

Ilivyokuwa ni hivi. Kabari ya zamani ilikuwa imelika. Mara mbili wiki iliyopita iliteleza, kitufe kikaruka, kisu kikagoma katikati ya kazi. Jumapili, siku ya zamu ya ziada, marehemu alimwomba amchongee nyingine, yeye akakataa. Alimwambia hiyo michezo mwisho wake ni mbaya. Wakabishana mbele ya kioo cha ofisi mpaka marehemu akamwambia kwamba mwanamume aliyeoa dada yako hakataliwi kijiti. Jioni, nyumbani, shemeji yake akiwa hamsemeshi, aliona ni upuuzi kuvunja nyumba kwa kipande cha mti. Akakaa akachonga.

"Niliichonga vizuri, Afande. Nilipiga msasa. Ile ya zamani ilikuwa inateleza, kisu kinasimama. Hii yangu haikuteleza. Ingekuwa ile mbovu, angekuwa hai. Nilikuwa nimempa mgongo, napanga. Niligeuka imeshakuwa. Halafu nikaletewa karatasi inasema nimemuua. Sikujua imeandikwa na nini. Nilisema moyoni, kumbe yupo anayejua."

Inspekta aliweka kalamu chini. Alikuwa ameshaona watu wengi wakiiga sauti ya wasio na hatia. Huyu alikuwa amejifunza kwa bidii sauti ya mwenye hatia, kutoka kwa kitu kisichojua hatia ni nini, na kesho angeisema mbele ya hakimu naye hakimu angeiamini.

Alimwambia wazi kwamba kuchonga si kuua, lakini maelezo haya yataingia jaladani na yatasomwa. Shemeji alimwomba jambo moja tu, dada yake asijue habari ya kabari. Alikuwa radhi kufungwa kuliko dada yake ajue.

"Kesho atakuwa amekaa mahakamani," Inspekta alisema. "Atasikia kwa mdomo wa mwendesha mashtaka, au atasikia kwa mdomo wako. Chagua mdomo."

Ilibaki robo saa kufika saa kumi. Shemeji alitikisa kichwa kukubali, na Inspekta akaenda koridoni kumwita mjane.

Mjane aliingia akasimama, mkono kwenye kitasa, kama asiyetaka mlango ufungwe. Shemeji hakumtazama. Alianza na kabari ya zamani, akaeleza ombi na ugomvi, akafika kwenye msasa. Hakupanga kitu. Alisahau kusema ilikuwa siku gani, akarudi, akasema jambo moja mara mbili. Alipofika kwenye neno "haikuteleza" sauti ilimkatika na hakuendelea.

Inspekta alianza kujilaumu kwa kumwita.

"Alikuomba?" mjane aliuliza hatimaye.

"Aliniomba, Dada. Nikakataa. Kisha nikampa."

"Ndivyo alivyokuwa. Hakuna aliyeweza kumnyima." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga yake, kwa nguvu, kana kwamba uso ulikuwa wa mtu mwingine. Kisha akamgeukia Inspekta. "Nimeshazika mmoja wiki hii, Afande. Wa pili simtoi. Andika alivyosema, na pale aliponyamaza uandike kwamba alinyamaza."

Aliufunga mlango, akavuta kiti, akakaa kati ya mdogo wake na mlango.